Kofia za Ukili

Tulikuwa wanne, na farasi hatukuwa nao.
Wete ina baiskeli, ina punda wa kubebea mchanga,
na huko Chwale kuna ng'ombe wa kuchezwa.
Tukasema, basi hao ndio wanyama wetu.
Bendi tukaiita Fahali wa Chwale
ingawa hakuna kati yetu aliyethubutu kuingia uwanjani.

Kanda ilitoka kwa mjomba wake Shaame, baharia,
aliyerudi na shati la miraba, jino la dhahabu
na sauti ya mzungu aliaye kwa pua
akimlilia mbwa wake, gari lake, mkewe,
kwa mpango huo huo.
Maneno hatukuyajua. Kilio tulikijua.
Mtu aliyechuma karafuu msimu mzima
kisha mizani ikamgeuka
hahitaji mkalimani.

Gitaa la kwanza lilikula magunia mawili makavu.
La pili tuliazima, mwenyewe akafa, likawa letu.
Bi Mgeni, bibi yake Faki, akatusukia kofia za ukili,
pana, zimepinda kando kama ile ya kwenye ganda la kaseti.
Aliuliza jambo moja tu:
"Kwani jua la usiku nalo linaunguza?"

Kisha akaja Asaa, fundi redio wa Limbani.
Huyo hakutaka kulia, alitaka kugomba.
Akachukua sindano ya kushonea magunia
akaitoboa spika, tundu tisa, polepole,
kama mganga. Gitaa likakoroma.
Wazee wa barazani wakasema lina pumu.
Watoto wakaruka ukuta.
Faki akapiga nyuzi zake za kantri, taratibu, kama mtu anayesuka,
Asaa akapita juu yake na roki kama lori la kokoto,
na mimi katikati na besi langu
nikishika huku, nikishika kule,
mwamuzi asiye na filimbi.

Tulipiga sikukuu, tulipiga harusi,
ila za watu wasio na wakwe wakali.
Mtambuka jenereta ilizimika katikati ya wimbo;
Shaame akaendelea kuimba gizani, mikono mitupu,
na ule ndio usiku pekee
ninaoweza kuuapia kwamba tulikuwa wazuri.

Unguja tulikwenda mara moja, kurekodi.
Meli ya usiku ilimtapisha Shaame hata jina lake.
Fundi wa studio, Kikwajuni, akatusikiliza
akila muhogo, akauliza:
"Hii taarabu yenu mbona imevaa viatu?"
Tukatoa kaseti mia mbili. Wimbo ulikuwa "Pembe Moja",
wa fahali aliyeshinda na asijue kurudi zizini.
Sitini zikauzwa. Nyingine nyingi tuligawa.
Moja ilimezwa na redio ya kinyozi wa Konde
na mpaka leo, naambiwa, hajaitoa.

Hatukugombana, watu hupenda kuuliza.
Faki alipata kazi Maskati. Siku ya Alhamisi
akaaga kama mtu anayekwenda kununua chumvi.
Asaa sasa anatengeneza simu
na zote anazotengeneza zinakoroma.
Shaame ni muadhini. Alfajiri, karibu na mwisho,
sauti humvunjika palepale ilipokuwa ikivunjika,
na katika msikiti mzima
mimi peke yangu ninajua amejifunzia wapi kuvuta ile pumzi.

Besi niliuza, nikaezekea jiko.
Kofia ilibaki msumarini miaka,
mpaka juzi nikaitafuta, mvulana wa jirani kaja,
ana gitaa la nyuzi tatu, anataka kuiona.
Nikaikuta chini, nyuma ya gunia la makonyo.
Kuku alikuwa amelalia ndani, mayai saba,
akanitazama kwa jicho moja, manyoya yamemsimama.

Nikamwambia yule mtoto: rudi baada ya wiki tatu.
Akakaa kizingitini, akaanza kupiga.
Uzi wa kati ulikuwa umelegea.
Sikuugusa.